Tofali Lililokosa Mkono

Emerensiana alikuwa mdakaji wa matofali, na kama hujawahi kuiona kazi hiyo, usije ukaidharau. Watu wa kilima cha Buraza walipomwona mara ya kwanza, mwanamke amesimama juu ya jukwaa la miti, kitenge amekikaza kiunoni, mikono ameinyoosha kwenye hewa tupu, walisema huyu aliyetoka Tanzania ana wazimu. Tofali la kuchoma linatosha kukuvunja kidole cha mguu. Yeye alilipokea kama unavyopokea yai kwa jirani.

Alifundishwa na baba yake, Yakobo, kwenye kambi za Ngara ng'ambo ya mpaka, walikokimbilia wakati wa vita yeye akiwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi. Huko Yakobo aliwachomea wenyeji matofali na kuwasaidia kujenga, na kwa kuwa hakubahatika kupata mtoto wa kiume, alimpandisha binti yake jukwaani.

"Tofali likitoka mkononi mwangu lina hasira," alimwambia. "Liache lipande. Kadiri linavyopanda, ardhi inalivuta shati kwa nyuma, linachoka. Litafika mahali lisimame, kufumba na kufumbua, halipandi wala halishuki. Hapo ndipo unapolichukua, maana hapo halina uzito. Ukilidaka mapema litakupiga. Ukichelewa limeshageuka, na likigeuka linashuka likiokota hasira yake njiani, mpaka likifika chini inakuwa ile ile lililoondoka nayo."

Halafu kulikuwa na sheria ya yule wa chini. Mrushaji mwenye akili hamlengi mdakaji. Anarusha wima, mbele kidogo ya jukwaa, ili tofali likikosa mkono lisimpasue mwenzake uso. Lakini kilichorushwa wima kikikosa mkono kitarudi wapi? Kitarudi pale pale kilipotoka. Kwa hiyo mrushaji haondoi macho yake juu mpaka aone vidole vimefumba. Anayeinama kabla ya hapo amekiweka kichwa chake rehani.

Yakobo alizikwa Ngara. Kambi zilipofungwa, Emerensiana na mumewe Elikana, pamoja na binti yao Pili, walipanda lori la kurudi, wakavuka Kobero, wakapita Muyinga bila kushuka, wakafika Gitega, na kutoka hapo mpaka kilima cha Buraza, ambacho yeye alikikumbuka kwa mteremko wake tu na kijito cha chini. Njiani watu waliimba mpaka sauti zikawakauka. Alipofika kwenye shamba la baba yake, aliacha kuimba. Shamba lilikuwa na mtu.

Mtu huyo ni Gervasi, na sitamfanya shetani, maana hakuwa. Aliambiwa aishi pale mwaka ule ule akina Yakobo walipokimbia, kwa sababu shamba lilikuwa halina mwenyewe, na yeye pia alikuwa ametoka kuchomewa nyumba kwake. Akaoa pale, akazaa pale. Wakubwa wakaja, wakapima, wakagawa: nusu ya Gervasi, nusu ya Emerensiana, wakapanda minyaa kuwa mpaka. Wote wawili wakatikisa vichwa kukubali. Tatizo likawa jiko. Jiko la Gervasi, kibanda cha matofali cha kupikia, lenye moshi wa miaka na miaka, lilibaki upande wa Emerensiana, limekaa pale pale alipotaka kujenga nyumba yake.

"Jiko langu halitembei," Gervasi alisema.

"Basi nitalitembeza mimi," Emerensiana alijibu, na tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Kutosalimiana kwenye kilima kimoja ni kazi ngumu kuliko kulima. Unakutana na mtu kijitoni, unakutana naye kanisani, unakutana naye akitoa mbuzi wakati wewe unatoa mbuzi, na kila mara inabidi ukumbuke kugeuza shingo. Elikana, mtu mpole, alichoka mapema akaanza kusalimu kwa kuibia. Emerensiana hakusalimu. Siku moja kijitoni, mbele ya wanawake waliokuwa wakichota maji, alimtazama Gervasi akipita kwenye njia ya juu na kusema kwa sauti ya kusikika, "Aliye juu mngoje chini." Wanawake walicheka. Gervasi alisikia vicheko na hakuuliza kilichochekwa.

Basi kiangazi kimoja habari zikafika kwamba Muyinga kunajengwa ghala kubwa la mahindi, kando ya barabara iendayo mpakani, na kapita, yaani msimamizi wa kazi, anatafuta mayede. Mayede ndio wasaidizi wa waashi, wabeba tope na warusha matofali. Emerensiana alikuwa anataka mlango na madirisha kwa nyumba ambayo alikuwa bado hajajua ataijenga wapi. Akamwachia Elikana jembe na mtoto, akaenda.

Alipoingia kiwanjani asubuhi ya kwanza, karibu ageuke arudi na basi lile lile. Kando ya lundo la matofali, mikono kiunoni, alikuwa amesimama Gervasi. Zamani, kabla hajaoa, Gervasi alikuwa yede Bujumbura, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili na matofali. Naye alikuwa amesikia habari zile zile. Walitazamana kama watu waliokutana msalani.

Kapita alikuwa Akilimali, Mkongomani wa Uvira, mwenye sauti ya kuamsha wafu na moyo wa huruma alioupigania sana usionekane. Akawatazama.

"Nyinyi wawili munatoka kilima moja? Bien. Mama iko anadaka, muzee iko anatupa, basi mutafanya pamoja. Lakini kwanza munijibu." Akainua kidole. "Munasalimianaka? Mi shantiye yangu, kiwanja hii ya kazi, watu wenye hawasalimiane, hawatupiane tofali. Nilionaka mambo mimi."

"Tunasalimiana," alisema Emerensiana.

"Tunasalimianaka sana," alisema Gervasi.

Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu minyaa ipandwe, na lilikuwa uongo.

Emerensiana alipanda jukwaani. Hakuogopa kimo. Aliogopa mkono wa chini. Fikiria mwenyewe: adui yako amesimama chini yako na lundo la matofali, na wewe kazi yako ni kuinama nje na kumwonyesha uso. Akijaza nguvu kidogo tu, tofali linapita kifuani mwako likiwa bado hai. Hakuna shahidi atakayesema ni makusudi. Watasema mkono uliteleza, watakuletea kitanda cha miti, basi. Akilimali akapiga kelele, "Tupa!" Emerensiana akakaza meno, akanyoosha mikono.

Tofali likaja. Likapanda likipunguza mwendo, likafika mbele ya kifua chake, likasimama, limelala bapa kabisa, halijapinda huku wala kule. Akalichukua. Halikuwa na uzito.

Alishtuka kuliko kama lingempiga. Hata Yakobo hakurusha vizuri hivyo kila mara. Likaja la pili, likasimama pale pale. La tatu, pale pale. Mtu yule aliyekataa kusogeza jiko alikuwa anamletea matofali hewani kama anayempangia rafuni. Emerensiana alikasirika mpaka machozi yakamlenga, maana ni vigumu kumchukia mtu huku mikono yako inamsifu.

Wakafanya kazi hivyo kiangazi kikisonga, ukuta ukipanda. Hawakusema hata neno. Hawakuhitaji, kwa sababu Akilimali alikuwa mdomo wao: akisema "Tupa!" wanaanza, akisema "Basi!" wanaacha. Wengine kiwanjani walikuwa wanapiga soga na kutaniana. Wale wawili walikuwa kimya, na matofali yakipanda na kusimama, kupanda na kusimama. Hakuna hata moja lililokosa mkono. Waashi walikuwa wanaacha kazi kuwatazama.

Siku ya mkosi, lori la mchanga lilikwama njiani, na Akilimali akaenda barabarani kugombana na dereva. Alishasema "Tupa!" kabla ya kuondoka. Hapakuwa na wa kusema "Basi!"

Ukuta ulikuwa umefika juu, karibu na pembe ya paa. Upepo ukaja na vumbi jekundu, likamwingia Emerensiana jichoni. Akaweka tofali alilokuwa nalo. Akapangusa viganja, pa, pa, vumbi likaruka, akageuka kumpa upepo mgongo ajifute jicho na pindo la kitenge.

Nyuma yake akasikia kitu kikipita hewani. Kikanyamaza. Ule unyamavu aliujua. Ni ule wa tofali lililosimama likingoja mkono. Akageuka. Aliliona, naapa aliliona, limelala bapa mbele ya jukwaa, limetulia, zuri, na mikono yake ilikuwa usoni. Akairusha mikono mbele. Tofali lilikuwa limeshaanza safari ya chini. Vidole vyake vilishika hewa.

Chini, Gervasi alikuwa ameinama kuchukua lingine. Hakutazama juu.

Sauti ya tofali likigonga haikuwa kubwa. Hicho ndicho kilichomtisha Emerensiana baadaye, jinsi ilivyokuwa ndogo. Kile kitu ambacho kiganjani mwake kilikuwa chepesi kama mkate kiliteremka kikimparua kichwa Gervasi na kumwangukia begani, na mzee akaenda chini bila kusema hata "yoo". Damu ikaingia kwenye vumbi. Emerensiana alipigwa na bumbuwazi pale juu, mikono bado imenyooshwa, akawa kama mtu anayeomba.

"Emerensiana! Umefanya nini?" Aliyepiga kelele ni Jeska, yede mwenzake, naye mrejeaji wa Buraza.

"Alimwita!" mtu mwingine akasema. "Nimemwona. Amemwita alete, halafu akamgeuzia mgongo!"

"Ni kweli, amemwita, mi pia nimeona!"

Emerensiana alishuka kwa kuteleza kwenye miti, akichubuka mapaja. Amemwita? Yeye? Hakuwahi kumwita mtu yule tangu azaliwe. Aliwatazama wenzake, watu waliokula naye maharage sufuria moja, wakiapa uongo mchana kweupe, na hakuelewa wamepatwa na nini. Gervasi akawekwa juu ya mlango uliokuwa unangoja kufungwa, akabebwa mbio hospitalini. Mtu mmoja akakumbuka kwamba wale wawili wana kesi ya shamba. Jeska, bila ubaya, kwa kuwa tu mdomo wake haukuwa na kizuizi, akasimulia maneno ya kijitoni. Aliye juu mngoje chini. Na siku hiyo nani alikuwa juu, nani alikuwa chini? Watu walishika vichwa.

Akilimali aliporudi na mchanga wake alikuta polisi. Kilichomuuma kuliko vyote hakikuwa damu.

"Niliwauliza!" alipiga kelele, sauti ikimkatika. "Niliwauliza munasalimianaka! Mulinidanganyia nini?"

Polisi, mtu mzima mwenye macho ya kuchoka, akamwambia Emerensiana taratibu:

"Bon. Mi sitaki kelele. Huyu muzee akifa, we unafungwa. Akiamka akisema ni we, unafungwa. Akisema haiko we, unaenda kwenu. Kesho nakuya kumuuliza pale kitandani."

Kapita akamdhamini, asilale ndani usiku huo. Lakini dhamana haikumpa usingizi. Alifikiria Pili. Alifikiria kurudi: miaka yote ile ya kambini, baba yake akimwambia siku moja tutalala kwetu, na sasa kumbe kwetu ni gereza la Muyinga. Na kilichomtia hofu zaidi ni hiki: je, hakulitaka? Si alikuwa amemwombea Gervasi mabaya, akilima, akipika, hata kanisani? Alijitazama viganja akajiuliza kama vilichelewa vyenyewe.

Asubuhi muuguzi alituma mtu kiwanjani. "Garde-malade wa huyu muzee iko wapi?" Maana hospitalini mgonjwa asiye na mtu wa kumpikia anaugua njaa kwanza, ugonjwa wenyewe baadaye. Mkewe, Paskazia, alikuwa amepelekewa habari Buraza, lakini kutoka kule mpaka Gitega na kutoka Gitega mpaka Muyinga si hapa na pale. Siku hiyo asingefika. Watu wa kilima chake waliokuwa Muyinga ni wawili tu. Jeska alitazama pembeni. Wa pili akachukua sufuria.

"Unaenda kummalizia?" Jeska aliuliza kwa mshtuko.

"Naenda kumpa uji. Mtu wa kilima changu halali na njaa ugenini."

Hakuwa jasiri. Lakini kuna mambo ambayo mtu wa Buraza hafanyi hata kwa adui, na kumwacha hospitalini bila uji ni mojawapo.

Gervasi alikuwa macho. Kichwa kimezungushiwa bendeji, bega la kushoto limefungwa, jicho moja limevimba likawa mstari. Alimwona, akageukia ukutani.

"Umekuya kuona kama nimekufa?"

"Nimeleta uji wa mtama."

Wagonjwa wa vitanda vingine walikuwa wameshapata habari, wakatega masikio. Emerensiana akatoka uani, akawasha mkaa, akaupasha uji, akarudi nao. Gervasi alitaka kukataa, lakini tumbo halijui uadui. Aliunywa wote, macho yakiwa ukutani. Kisha Emerensiana akamtia andazi kwenye mkono wa kulia, ule mzima. Kazi yake ikawa imekwisha. Viganja vyake vilikuwa na majivu ya mkaa. Akavipangusa, pa, pa, akainuka aende.

Andazi likaja hewani.

Lilipanda kutoka kitandani wima kabisa, likapunguza mwendo, likafika mbele ya kifua chake, likasimama. Mikono yake ikalichukua kabla akili yake haijafika. Mzee mmoja kitanda cha pili aliacha mdomo wazi na kijiko ndani.

Emerensiana alilitazama andazi. Alimtazama Gervasi. Gervasi alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe kwa woga, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mbona umenirushia?" akasema Emerensiana.

"Si we umeniita?"

"Mimi? Hata mdomo sijafungua!"

"Mikono yako! Umepiga mikono. Mudakaji akipiga mikono, ni kusema leta." Akapiga kiganja pajani, pa, pa, kwa hasira ya mtu anayeeleza jambo la wazi. "Muntu gani hajue ile? Bujumbura, Gitega, hapa, kila pahali ni vile."

Emerensiana akakaa kitandani kwa mzee bila kukaribishwa.

"Kwetu ni kusema basi," alisema. "Kule Ngara, anayeita ni mrushaji. Anapiga kelele, halafu ndiyo anarusha. Mdakaji akipangusa mikono, ni kwamba amechoka. Baba yangu akiona nimefanya hivyo, alikuwa anakaa chini avute tumbaku."

Gervasi akainua kichwa kutoka kwenye mto. Jicho lake zima lilikuwa limefunguka likawa la mviringo.

"Donc, kumbe juzi..."

"Jana."

"Donc jana..."

"Vumbi liliniingia jichoni. Nilipangusa mikono, nikageuka nijifute. Sikukuita, mzee. Nilikuwa nakwambia basi."

"Mana yanje," Gervasi alinong'ona. Mungu wangu.

Wakakaa na jambo hilo katikati yao. Kiangazi chote lilikuwa likiwangoja pale, tofali lililokosa neno moja. Neno moja tu, hata la matusi, lingetosha. Emerensiana akawa kama mtu aliyepita ukingo wa korongo usiku na kuuona asubuhi. Kisha swali lililomkera tangu jana likamtoka.

"Lakini kwa nini hukutazama juu? Wewe ni fundi wa kurusha. Unajua mrushaji haondoi macho."

Gervasi akaona haya, kweli kabisa, haya ya kijana.

"Ningeangalia nini? Siku za kwanza niliangalia. Kisha nikaacha. Tangu tulianza, mikono yako haikosake hata moja. Nikazoea. Natupa, nainama, najua imeshafika."

Hapo ndipo Emerensiana alipolia. Yote mengine aliyastahimili, hili halikuvumilika. Mtu aliyekataa kumwamini kwa kipande cha ardhi alikuwa amemwamini kwa kichwa chake, kila siku, mamia ya mara, na yeye hakujua.

Polisi aliwakuta hivyo, mgonjwa anatazama dari, mshitakiwa analia na andazi mkononi. Akavuta stuli.

"Muzee, tuambie. Ni huyu amekupiga?"

"Tofali nilitupa mi mwenyewe. Imerudi kwa mwenye kuitupa. Ile ni kazi ya tofali."

"Watu wanasema muko na kesi ya shamba."

"Kesi ya shamba iko. Kesi ya tofali haiko."

Polisi akakuna shingo. "Na wanasema huyu mama alisema, pale kwenu, aliye juu umungoje chini. Alisema juu yako."

Gervasi alimgeukia Emerensiana polepole, kwa sababu ya bendeji. Hilo hakuwa analijua. Wanawake walicheka siku ile, lakini hakuuliza. Emerensiana angeweza kusema ni uongo wa Jeska, na hakuna ambaye angembana. Mdomo wake ulishafunguka kusema hivyo.

"Nilisema," alisema. "Na siku ile nilikuwa na nia."

Polisi akasimamisha kalamu. Emerensiana mwenyewe alishtushwa na alichosema. Alitamani akidake kirudi, lakini neno nalo likishatoka lina njia yake. Akangoja lianguke.

Gervasi aliigeuza shingo tena kuelekea dari.

"Ningekuwa yeye," alisema mwishowe, "ningesema mubaya kushinda. Muntu anarudi kwao, anakuta ukuta wa muntu mwingine ndani ya shamba yake."

Shamba yake. Emerensiana hakuwahi kuyasikia maneno hayo katika kinywa hicho. Yalimpiga kuliko tofali. Polisi alisubiri kama kuna zaidi, akaona hakuna, akavaa kofia yake na kuondoka akisema watu wa Gitega wana mambo.

Paskazia alikuja, akamchukua mumewe nyumbani mara alipoweza kuketi ndani ya basi. Emerensiana alibaki Muyinga mpaka ghala likaezekwa. Akilimali alimpa mrushaji mwingine, kijana mwenye pupa ambaye matofali yake yalifika yakiwa bado na hasira, na kila asubuhi aliwasimamisha wote wawili uso kwa uso, wapeane mikono na kuambiana nani anaita na kwa ishara gani, ndipo apaze sauti yake. Emerensiana alirudi na vidole vilivyovimba, madirisha yake na mlango wake vikifuata kwenye gari la mkaa.

Alipanda kilima cha Buraza kwa upande wa kijitoni, jua likiwa bado kali. Alikuwa hajafika katikati aliposikia matofali yakigongana huko juu. Moyo ukamlipuka. Anajenga, alifikiri. Amepona, anapanua jiko lake. Maneno ya hospitalini yalikuwa ya homa. Akaanza kukimbia na mzigo kichwani, akijilaani kwa kumwamini.

Alichokikuta hakukielewa mara moja. Kwenye upande wake wa minyaa kulikuwa na ukuta mpya, umefika usawa wa madirisha, na jukwaa la mikaratusi. Juu ya jukwaa alikuwa Elikana, mumewe mpole, anadaka vibaya mno, anayakumbatia matofali kifuani kama mtu anayekamata kuku. Chini yake alikuwa Gervasi, bega la kushoto limelala chini kuliko la kulia, anarusha kwa mkono mmoja.

"Shuka!" Emerensiana alimfokea mumewe. "Shuka, utajiua bure!"

Elikana alishuka kwa furaha isiyofichika. Yeye akatua mzigo, akakaza kitenge, akapanda. Hakumsalimu mtu, pumzi hazikuwepo. Akanyoosha mikono nje, akahakikisha viganja vimetengana, mbali kila kimoja na mwenzake.

"Naleta!" akaita Gervasi kutoka chini, kwa desturi ya Ngara.

Tofali likapanda, likachoka, likasimama mbele yake. Akalichukua. Alipoligeuza alipange ukutani, vidole vyake vikatoka vyeusi. Upande mmoja wa tofali ulikuwa masizi matupu, masizi ya kung'aa, ya moshi wa miaka na miaka.

Akainua macho. Kutoka pale juu aliona kilichofichwa na ukuta wakati anapanda kilima. Hapakuwa na jiko; lilikuwa limetembea mpaka ukutani mwake. Palikuwa na sakafu nyeusi yenye umbo la jiko, na ng'ambo ya minyaa Paskazia alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga matatu juani, anapulizia moto, moshi ukimwendea machoni. Alimwona Emerensiana akimtazama, akainua mkono wenye mwiko kumsalimu.

Emerensiana alisimama na tofali mikononi, na safari hii lilikuwa zito mno.

Chini, Gervasi alikuwa ameshashika lingine. Hakuinama. Alikuwa ameinua uso wake wenye kovu, jicho moja bado dogo kuliko jingine, akimtazama na kungoja.

"Mama Pili," akauliza, "nilete ao niache?"

"Leta, mzee," akasema.